Vipande Arobaini na Kimoja vya Kiritiri

Nianze kwa kujisifu, maana mwisho wa kisa hiki nitajisifu tena na sitaki mtu aseme sikumwonya. Tangu Kianjai mpaka Kiritiri, hakuna mtu anayekata tishu kama mimi. Ng'oa unywele mmoja kichwani mwako, kisha, ukiweza, upasue kwa urefu mara ishirini. Kimoja cha vipande hivyo ndicho unene wa kazi yangu. Nakata hivyo tangu asubuhi hadi saa kumi, na mkono hautetemeki.

Jina langu ni Igoki, ingawa kazini wananiita Mama Wanja. Nina miaka hamsini na miwili na nina hasira za karibu, sifichi. Watu husema Wameru ndio wenye hasira, lakini mimi ni Mmbeere wa Kiritiri na wenzangu Wameru ndio wanaokimbia nikifunga mlango kwa nguvu. Nafanya kazi mjini Meru, katika Maabara ya Pamoja.

Inaitwa ya pamoja kwa sababu si ya mtu mmoja. Watafiti wa saratani kutoka hospitali na vyuo mbalimbali wanaitumia kama kijiji kinavyotumia kinu cha kusaga mahindi: kila mmoja analeta gunia lake, anapanga foleni, anaondoka na unga wake. Hakuna boma moja ambalo lingeweza kununua kinu hicho peke yake. Chumba cha kwanza ni changu, hapo tishu hukatwa na kutiwa rangi. Cha pili kina mashine ya kuhesabu seli moja moja. Cha tatu kina mashine inayopiga picha vioo vyangu vya tishu ili daktari aliye Embu au Nairobi avisome bila kutoka kitini mwake. Karibu vyumba hivyo vyote, lakini changu ubishe hodi kwanza.

Mwaka jana tulipokea utafiti wa saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ulikuwa utafiti wa pande mbili. Kianjai, huku juu kwenye baridi, watu hamsini na wanane wenye shida ya kumeza walitoa kipande kidogo cha umio. Kiritiri, kule chini kwenye joto na mbuzi, walitoa watu arobaini na mmoja. Kipande chenyewe hakizidi punje ya ndengu. Kinagandishwa ndani ya nta kikawa bloku, bloku inakuja kwangu naikata, napandisha vipande kwenye kioo, kisha tunatia rangi. Alama tunayoitafuta ikiwemo kwenye seli, panageuka kahawia. Isipokuwemo, panabaki peupe.

Hao arobaini na mmoja wa Kiritiri niliwaomba mimi. Nilisimama mbele yao kwenye ukumbi wa kanisa, nikawaambia kwa lugha yetu kwamba hakuna atakayetoa kipande bure, kwamba kila mmoja atahesabiwa. Wengi walikuwa wanaamini ugonjwa ule ni wa watu wa milimani, wa baridi na chai ya moto. Walikubali kwa sababu mimi ni mtoto wa Mbaka, na Mbaka walimjua.

Baba yangu Mbaka alifuga nyuki. Miaka kumi na mmoja iliyopita chakula kilianza kumkwama. Kwanza ilikuwa githeri, yale mahindi na maharagwe, halafu ugali, halafu uji, na mwisho hata maji. Alipokufa alikuwa mwepesi hivi kwamba nilimbeba peke yangu kutoka kitandani. Hakuna daktari aliyekata kipande. Hakuna aliyeandika jina la ugonjwa, na watu walipokosa jina la ugonjwa walitafuta jina la mtu. Wakapata la Muriithi, jirani yetu, ambaye yeye na baba walitundika mizinga kwenye miti ile ile tangu ujana. Ndiye aliyekula asali na baba wiki ile kabla koo halijaanza kufunga. Wakasema baba alilishwa kitu.

Mama yangu, Jedidah, aliamini. Tangu mazishi hajapokea kitu kutoka mkononi mwa Muriithi, hata salamu. Mimi sikuamini wala sikukataa, na hilo linaniuma mpaka leo. Wakati huo nilikuwa fundi wa kupima malaria, nikivaa koti jeupe kila siku, na bado nilinyamaza kaburini kwa baba yangu kwa sababu sikuwa na cha kuonyesha. Kwa hiyo zile bloku za Kiritiri zilipofika Meru, zimepangwa ndani ya kasha na namba zake, nilizipokea kwa mikono miwili.

Zilikuja mwezi wa saba. Meru mwezi wa saba ni ukungu na mvua nyembamba, na mimi nilikuwa na mafua ya kunifanya nilale nimekaa. Nilivaa barakoa, nikakata. Nawaambia kweli, sijawahi kukata vile. Bloku nzuri hutoa vipande vinavyoshikana mkia kwa kichwa vikawa utepe. Utepe wa kawaida una vipande kumi, kumi na viwili, kisha unakatika. Wa Kiritiri ulikwenda thelathini, arobaini, ukateremka kwenye maji ya vuguvugu umenyooka bila kunyanzi hata moja.

"Mama Wanja, hizi za kwenu zinakatika kama siagi," alisema Marete. Marete ndiye mwenzangu wa kutia rangi, baba wa watoto watatu, mzaliwa wa Kianjai, na hapitishi siku bila kunichokoza.

"Si bloku. Ni mkono," nilimjibu.

"Na zetu za Kianjai mbona mkono unazikatakata?"

"Zenu zimerithi ubishi wenu."

Nilimwita hata mlinzi wa getini aje aone utepe. Kwa wiki mbili nilitembea kwenye ujia wa maabara nikijiona.

Kisha Marete akatia rangi. Vioo vya Kianjai vilitoka kahawia vizuri. Vya Kiritiri vilitoka vyeupe. Tukarudia vitano, vyeupe. Kwenye kila kioo tunaweka pembeni kipande cha kupimia, tishu tunayojua hakika kwamba lazima ishike rangi, ili tujue dawa inafanya kazi. Kipande hicho kilishika rangi kwenye vioo vyote. Kwa hiyo dawa ilikuwa sawa, mkono wa Marete ulikuwa sawa, na lawama ikabaki kwa tishu za watu wangu.

Jumatano, baada ya chakula cha mchana, Daktari Kagwiria aliniita. Ndiye mkuu wetu. Ana miaka thelathini na tisa, sauti ya chini, na akishaamua hageuki. Kwenye meza yake kulikuwa na karatasi ya hesabu. Kianjai, hamsini na nane. Kiritiri, kistari.

"Mama Wanja, hizi sample za Kiritiri zimeharibika," alisema. "Labda zilikaa sana kabla ya kuwekwa dawa. Kesho saa nane kuna kamati. Nitawaambia tuzitoe."

"Tuzitoe tuzipeleke wapi?"

"Kwa hesabu. Utafiti utabaki wa Kianjai pekee."

"Daktari, wale ni watu arobaini na mmoja."

"Najua. Lakini siwezi kuwahesabu kama sioni kitu. Nikiandika kwamba hawana hiyo alama, nitakuwa nimedanganya. Nikiandika wanayo, pia nitakuwa nimedanganya."

Alikuwa na haki, na hakuna kinachoniudhi kama mtu mwenye haki. Nilimwambia anipe mpaka kesho saa nane.

"Utafanya nini?"

"Sijui."

"Sawa. Lakini saa nane na dakika moja naandika."

Niliufunga mlango wangu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nilikaa nikiwaza ule ukumbi wa kanisa, na nitakavyorudi kuwaambia walikatwa bure. Niliwaza pia jinsi vitabu vitakavyoandika: saratani ya umio, watu wa milimani. Kule chini mtu atakwama na chakula, na watu watatafuta tena nani alimlisha. Machozi yakaja. Nikavua barakoa nijifute, nikagundua kwamba ninapumua vizuri. Mafua yalikuwa yameondoka bila kuaga.

Sikuwa na la kufanya isipokuwa kazi. Nikachukua bloku namba kumi na saba, nikaifunga kwenye mashine. Bloku ikiwa baridi sana inapasuka, kwa hiyo sisi mafundi wa zamani tunaipulizia pumzi ya joto kabla ya kukata. Katika zile wiki mbili nilikuwa naipasha kwa kidole gumba kwa sababu ya barakoa. Sasa nikainama, nikafungua mdomo, nikaipulizia.

Pumzi ikanirudia na harufu ya asali.

Nilidhani nimechanganyikiwa. Nikapulizia tena. Ilikuwa ile ile, tamu na nzito, na ndani yake moshi kidogo. Nikachukua bloku ya Kianjai nikapulizia, haikuwa na harufu yoyote, kwa sababu nta ya maabara inatokana na mafuta ya petroli yaliyosafishwa na hainuki chochote. Nikachukua namba nne, namba thelathini, namba arobaini na moja. Zote zilinuka nyumbani kwetu. Nilimwona baba amechuchumaa nyuma ya jiko na sufuria nyeusi, akiyeyusha nta ya nyuki, kisha akiipaka ndani ya mzinga mpya, kwa sababu nyuki hawaingii kwenye gogo lisilonuka nta.

Hapo nikaelewa kila kitu kwa mara moja, na nikaona haya hadi masikioni. Nta ya nyuki inanata. Ndiyo iliyoshika vipande vyangu mkia kwa kichwa, thelathini, arobaini, utepe ambao nilimwitia mlinzi. Tena haiyeyuki mapema kama nta ya maabara. Oveni yetu imewekewa joto la nta ya maabara, kwa hiyo ya nyuki ilibaki juu ya kioo, utando usioonekana, na dawa ya rangi ikapita juu yake kama maji kwenye sufuria yenye mafuta. Tishu haikuwa imeharibika. Ilikuwa imefunikwa.

Nikampigia simu Mugendi. Mugendi ndiye fundi wa utafiti kule Kiritiri, ana vyumba viwili vya kukodi nyuma ya duka la mbegu, na ndiye anayegandisha tishu kwenye nta kabla ya kutuletea.

"Mugendi, uliweka nini kwa zile bloku?"

"Zipi, Madam?"

"Usinizungushe. Nimenusa."

Nikasikia mbuzi analia upande wake wa simu.

"Madam, nta ya maabara iliisha," alisema mwishowe. "Niliagiza, ikachelewa wiki tatu. Tishu zilikuwa tayari zimepita kwa dawa zote, haziwezi kungoja. Nikaongeza ya nyuki. Kidogo tu. Nusu kwa nusu."

"Nusu kwa nusu ndiyo kidogo?"

"Niliichuja mara nne na kitambaa, Madam, nakuapia. Ni nta safi. Hakuna mtu huku ana nta kama ya mzee Muriithi."

Nilisogeza simu karibu na sikio.

"Muriithi yupi?"

"Yule wa mizinga. Jirani yenu."

Niliketi kwenye kiti. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza mpaka simu iishe chaji, na maneno yote yakanipotea.

"Mbona hukuandika?" niliuliza baadaye.

"Niliogopa. Mtasema watu wa huku hatujui kazi."

"Basi sasa andika. Kiasi, tarehe, namba za bloku, na uliinunua kwa nani. Utume kesho asubuhi kabla ya saa moja. Na jambo moja, Mugendi."

"Ndio, Madam."

"Ungeninyima usingizi kama ungekuwa umezitupa. Asante kwa kutozitupa."

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimefungua maabara. Nilichagua vioo vitatu, namba nne, kumi na saba na thelathini. Nilipandisha oveni mpaka nyuzi sabini, nikaviacha humo saa nzima na nusu. Marete alipofika na kusoma kipimo cha joto alishika kichwa.

"Mama Wanja, unapika ama unatafiti? Utachoma tishu!"

"Ikiungua nitabeba mimi. Pasha ile dawa ya kuyeyusha nta."

Tulivipitisha kwenye dawa ya moto mara tano badala ya tatu. Marete aliinamia bakuli la mwisho, akavuta pumzi, akaniangalia.

"Hii ni asali," alisema.

"Ya Kiritiri. Si kama ile yenu ya sukari."

Kutia rangi huchukua muda na hakuna kuharakisha. Nilikaa nikiangalia saa ya ukutani kama mwanafunzi wa darasa la nane. Ilipofika saa saba kasorobo, Marete alisukuma kioo namba kumi na saba chini ya hadubini, akaangalia, akaniachia kiti.

Tishu ilikuwa kahawia. Si madoa ya kubahatisha, bali seli kwa seli, zimesongamana zinavyosongamana seli za saratani, kila moja na mpaka wake. Ukuta wa umio ambao ungekuwa laini ulikuwa umevimba na kuziba. Niliangalia nikaelewa namna uji unavyokataa kupita. Nta ya Muriithi ilikuwa imeoshwa ikaisha, na chini yake ugonjwa ulikuwa umekaa peke yake, haukuhitaji mtu wa kuulisha.

Nilipiga vigelegele. Ndani ya maabara, nikiwa na glavu, nilipiga vigelegele mpaka watu wa chumba cha mashine ya seli wakatoka mbio wakidhani kuna moto.

Tulipotulia, Marete alinivuta pembeni.

"Sasa sikia. Kwa kamati sema tu tumerudia vioo na vimekubali. Usitaje asali. Wakisikia asali watatucheka mpaka Nairobi, na yule kijana wako atafutwa."

Sitadanganya kwamba sikushawishika. Nilimwaza Mugendi na vyumba vyake viwili. Nilijiwaza mimi pia, na ule utepe. Lakini maabara hii ni ya pamoja. Kesho mtafiti mwingine ataletewa bloku kutoka kituo kingine ambako nta iliisha na mtu akajitengenezea njia, ataona weupe, atatupa watu bila kujua. Kinu kikiwa na jiwe ndani, unamwambia anayekufuata kwenye foleni.

Tuna daftari moja jeusi kwenye rafu, tunaliita daftari la makosa, na kila fundi hulikwepa akiweza. Nikalitoa. Niliandika hivi, na mpaka leo liko hapo, anayetaka akasome:

"Bloku namba 1 hadi 41, Kiritiri. Nta ya nyuki ilichanganywa nusu kwa nusu bila kuandikwa. Fundi: Mugendi. Bloku hizo zilikatwa kwa wiki mbili, utepe ukawa mzuri kupita kawaida, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Fundi: Igoki. Alidhani ni mkono wake. Suluhisho: oveni nyuzi sabini kwa saa moja na nusu, kisha dawa ya kuyeyusha nta ikiwa moto, mara tano."

Marete alisoma juu ya bega langu. Alisema hiyo sentensi ya mkono ataichapisha aibandike mlangoni, na kweli aliibandika.

Saa nane kasoro dakika kumi niliweka daftari, barua ya Mugendi na vioo vitatu mbele ya Daktari Kagwiria. Alisoma polepole. Alipofika kwenye jina langu akainua macho, akatabasamu kwa upande mmoja, akasema, "Twende wote. Hii utaisema mwenyewe."

Kwa hiyo niliingia kwenye kamati, watu tisa, mandazi na chai mezani, mimi na koti langu lenye doa la rangi. Nilieleza. Hakuna aliyecheka mpaka nilipofika kwa mlinzi wa getini. Halafu profesa mmoja, mtu wa kuheshimika, aliuliza swali zuri: tutajuaje kwamba si joto lile jipya ndilo lililoleta rangi?

"Nipeni bloku kumi za Kianjai ambazo mnajua majibu yake," nilisema. "Tano zenye alama, tano zisizo nayo. Nitazipitisha kwenye joto hilo hilo. Hata moja ikibadilika, toeni watu wangu na sitafungua mdomo tena."

Nilisema "watu wangu". Nilijisikia nikisema, na sikujirekebisha.

Walitupa wiki tatu. Bloku kumi za Kianjai zilitoa majibu yale yale, hakuna hata moja iliyogeuka. Kisha tukarudia zote za Kiritiri, moja baada ya nyingine. Thelathini na tisa zilisomeka. Mbili hazikusomeka hata tulipojaribu tena, na wenye vipande hivyo nitawatembelea mwenyewe kuwaomba radhi. Daktari Kagwiria alinionyesha karatasi mpya ya hesabu kabla ya kuituma. Pale palipokuwa na kistari paliandikwa thelathini na tisa. Mugendi hakufutwa. Alipewa mafunzo ya mwezi mmoja chumbani mwangu, ambayo yeye anasema ni adhabu kubwa kuliko kufutwa.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kiritiri. Mama alikuwa uani, ameketi kwenye gunia, anapepeta ndengu. Ana miaka sabini na tisa na hapendi habari za kuzungushwa, kwa hiyo nilimwambia moja kwa moja, kwa Kimbeere chetu.

"Maitu, mama yangu, vile vipande vimesomeka."

"Vya watu wangapi?"

"Thelathini na tisa. Na wengi wao wana ugonjwa wa kufunga koo. Wa hapa hapa. Nimeuona kwa macho yangu."

Aliendelea kupepeta. Makapi yalipeperuka kuelekea kwenye zizi la mbuzi.

"Ulivyouona ulikuwaje?"

Nilimweleza jinsi ukuta unavyovimba, jinsi njia inavyobaki nyembamba, kwanza inakataa githeri, halafu ugali, halafu uji. Nilimwambia pia siwezi kuapa kwamba baba alikuwa na huo, kwa sababu hatukukata kipande. Nilitaka kumpa ukweli jinsi ulivyo, bila kuongeza nta.

Mama aliweka ungo chini. Akaanza kuchagua vijiwe kwenye ndengu na kuvitupa.

"Thelathini na tisa," alisema. "Muriithi angetoa wapi asali ya kulisha watu wote hao?"

Nilikuwa nimelitafuta jibu hilo kwa miaka kumi na mmoja, na yeye alilipata akiwa ameketi kwenye gunia.

Akasimama, akajifunga leso upya, akaomba fimbo yake. Boma la Muriithi ni mwendo wa dakika kumi, lakini na miguu ya mama tulichukua karibu saa nzima, nami njiani nikamsimulia habari ya nta. Tulimkuta chini ya ghala, mzee mwembamba, anachonga kifuniko cha mzinga. Alipomwona mama akasimama na kisu mkononi, kisha akakumbuka, akakiweka chini haraka, na mikono yake haikujua iende wapi.

"Muriithi," mama alisema. "Nimesikia nta yako ilifika Meru."

"Ilifika," alijibu, sauti ndogo. "Mugendi aliniambia iliharibu kazi."

"Nusura iharibu. Mtoto wangu akaitengeneza." Mama akapumua. "Nimekaa miaka kumi na mmoja nikikuwazia mabaya. Nimekuja kusema nilikosea."

Machozi yalimtoka mzee wazi wazi na hakuyafuta. Aliingia ndani, tukasikia vyombo vikigongana, akatoka na bakuli la asali kwenye sega lake, akasimama nalo hatua mbili kutoka kwa mama, harudi nyuma wala haendelei mbele.

Nilikwisha kuwaonya kwamba nitajisifu tena. Nimekata maelfu ya vipande maishani, na kazi yangu iko kwenye vitabu vya watu nisiowajua. Lakini sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia mkono wa mama yangu ulipoondoka kwenye fimbo ukaenda kwenye lile bakuli.

Alichovya kidole, akala mbele yetu. Akasema ni tamu, ingawa ya Mbaka ilikuwa tamu zaidi, kisha akachovya tena.